Saa moja ya Kiswahili kwa redio ya jamii huko Kasese: sauti itangulie, maneno yafuate

Swali: "Mama, habari ya huko. Mimi ni mtangazaji wa kujitolea kwa redio ndogo ya jamii upande wa Kasese, karibu na mpaka wa Congo. Meneja amenipa saa moja kila Jumamosi jioni, kipindi cha Kiswahili kuhusu maisha ya hapa, muziki wa kienyeji na mazingira. Nimeanza juzi juzi tu. Nasoma habari za wanyama nilizotoa kwa intaneti, katikati naweka lingala, halafu nafungua laini za simu na hakuna anayepiga. Bajeti sina, vifaa sina, niko na simu tu. Nifanye nini watu wasikilize? Na wazee wanaoimba nyimbo za zamani, nikiwarekodi niwape nini?"

Jibu:

Mwanangu, kwanza hongera. Jumamosi jioni ni muda ambao stesheni nyingi zinauzia wanasiasa na wahubiri, kwa hiyo meneja aliyekupa wewe hiyo saa bure amekuamini, na mimi nataka sana hicho kipindi kisife.

Sasa tuangalie kwa nini simu hazilii. Wewe unakaa Kasese. Nyuma yako iko milima ya Rwenzori, mbele yako iko hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, na watu wanaokusikiliza wanalala kwa shamba usiku wakigonga madebe ili tembo asimalize mahindi. Halafu jioni unawasomea kwamba tembo ni mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu na anakula majani mengi kwa siku. Wanajua! Wanamjua tembo kuliko yule aliyeandika hiyo habari. Hawajapiga simu kwa sababu hujawaachia nafasi ya kuongeza kitu, umewaambia wanachokijua kwa maneno ya mtu ambaye hajawahi kumkimbiza tembo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja tu na mengine yote yanatoka humo: toka nje ya studio, urudi na sauti ya mahali, uiweke hewani kwanza, maneno yako yaje nyuma yake. Fungua kipindi na madebe yanayogongwa usiku wa manane, sekunde ishirini hivi bila kusema kitu. Kisha uliza, "Wa shamba la bondeni, hii sauti mmeisikia jana?" Uone kama laini itakaa kimya.

Kabla ya kutoka, fikiria ni nani hasa anasikiliza Kiswahili huko kwenu. Huku Uganda watu wengi wanakichukulia Kiswahili kama lugha ya askari, na ni kweli kwa jeshi iko tangu zamani. Tangu marekebisho ya katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kwamba shuleni iwe somo la lazima, lakini ukienda Masaka au Iganga bado utaona watu wanakusikiliza kwa mashaka. Kwenu ni tofauti kabisa. Kwenu Kiswahili ni cha soko. Mama anayeuza samaki soko la mpakani la Mpondwe nyumbani anaongea Lhukonzo, lugha ya Wakonzo, lakini mteja wake kutoka Kasindi, upande wa Congo, akija wanaelewana kwa Kiswahili, dereva wa lori vilevile, mkimbizi vilevile, fundi simu vilevile. Na mawimbi ya FM hayasimami kwa mpaka kuonyesha kitambulisho, hata mtu wa Kasindi anakupata vizuri tu. Yaani hicho kipindi chako ndicho pekee ambacho Mukonzo, Musongora, Mukiga na Mkongo wanaweza kusikiliza pamoja bila mmoja kuhisi ni mgeni. Usiongee Kiswahili cha kitabu basi, ongea kile cha soko, na mtu akichanganya na Lhukonzo au Rutooro mwache amalize, wewe urudie kwa kifupi.

Nikija kwa kazi yenyewe ya kurekodi. Usihangaike na vifaa, simu inatosha kuanza nayo. Tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi kwa WAV, maana ile ya kawaida inabana sauti mpaka ndege wanasikika kama wako ndani ya mtungi. WAV ya kawaida, chaneli moja, inakula kama MB 5 kwa dakika, kwa hiyo futa video za WhatsApp kabla hujaondoka nyumbani, na zima mtandao kabisa (ile alama ya ndege) maana mzee akifika kwa utamu wa hadithi ndipo mtu wa kukudai atapiga. Upepo ndio adui mkubwa, hasa ukiwa ziwani au mlimani: funika maiki ya simu na kipande cha sponji ya godoro, funga na mpira, na uupe upepo mgongo ili mwili wako uuzuie. Ukihoji mtu, simu iwe karibu na mdomo wake, kama shibiri moja, pembeni kidogo sio mbele kabisa, na wewe ndiye uishike, usimpe yeye, vidole vikicheza juu ya simu inasikika kama mtu anatafuna karanga.

Kitu kimoja ambacho wanafunzi wangu wote wanasahau ni kwamba ukimaliza mahojiano, kaa hapo hapo, usiongee, rekodi dakika moja ya mahali penyewe. Kuku, upepo, watoto kwa mbali, chochote kilichopo. Hiyo dakika ndiyo itakusaidia kuunganisha vipande ukiwa unaediti, bila hiyo kila mahali ulipokata patasikika. Kuediti tumia Audacity kwa kompyuta ya stesheni, ni ya bure. Na kama mtu wa mbali anakutumia rekodi kwa WhatsApp mwambie aitume kama dokumenti, asitume kama voisi, maana voisi inabanwa.

Uende wapi? Mimi ningeanza Katwe, nakuambia ukweli. Lile ziwa la chumvi watu wamelifanyia kazi vizazi na vizazi, na kila kitu pale kina sauti: maji yakichotwa kwa vibwawa, chumvi ikikwanguliwa, wanaume wakivunja mawe ya chumvi huko ndani ya maji, lori likipakiwa. Nenda wakati wa jua kali maana mvua ikinyesha nyingi chumvi inayeyuka na kazi inasimama, na hiyo peke yake ni habari ya kipindi: mvua ambayo mkulima wa Kyondo anaiomba ndiyo inamnyima mama wa Katwe karo ya shule. Waweke hao wawili kwa kipindi kimoja, kila mmoja aeleze mwezi wake unavyokwenda. Usiwagombanishe. Waache tu wasikilizane.

Halafu ndege. Kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth wamehesabiwa aina zaidi ya 600, na nusu ya kazi ni kuamka mapema. Ikweta inapita hapo hapo Kikorongo, ndiyo maana jua kwenu linachomoza karibu saa moja asubuhi mwaka mzima, halibadiliki sana, kwa hiyo ukiwa umekaa mahali pako saa kumi na mbili kasoro utapata ile saa nzuri ambapo ndege wanaanza mmoja mmoja mpaka wanajaa. Weka simu juu ya jiwe au tawi, iwashe, ondoka kabisa, maana hata kupumua kwako kutaingia. Huna haja ya kuingia hifadhini, na ukitaka kuingia omba ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kwanza, lakini kwa kweli kingo za mito na migomba ya watu inatosha. Utapata kwarara anavyopiga kelele akiruka, utapata hondohondo, ukiwa ziwani utampata tai mla samaki, na yule ndege ambaye wazee wanasema akilia mvua iko karibu. Usianze kutaja majina ya kisayansi. Piga sauti hewani halafu uliza huyu mnamuitaje kwa lugha yenu na akilia nyumbani wanasema nini. Mukonzo atapiga na jina lake, Musongora na lake, mtu wa Congo na lake, na kwa miezi michache utakuwa na orodha ya majina ya ndege ambayo sijaiona kwa kitabu chochote cha watalii.

Lakini mazingira siyo ndege tu na hapa naomba uwe jasiri. Aprili 2018 simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu pale Hamukungu, kijiji cha wafugaji, jike watatu na watoto wanane. Dunia nzima iliandika. Redio ya jamii haiwezi kuishia kulaumu wafugaji, na haiwezi pia kunyamaza kwa sababu wafugaji ni wasikilizaji wetu. Mtu aliyepoteza ng'ombe ana maumivu ya kweli na simba aliyekufa ni hasara ya kweli. Sheria inasema asilimia 20 ya pesa za kiingilio cha hifadhi irudi kwa jamii za jirani, na sheria ya wanyamapori ya 2019 ikaweka mpango wa fidia kwa anayeumizwa au kuharibiwa mali na wanyama. Kwa hiyo maswali yako yapo tayari. Asilimia 20 ya parokia yetu imejenga nini mwaka huu? Mtu ambaye mahindi yameliwa aende ofisi gani, abebe karatasi gani, picha zipigwe lini? Mwite afisa wa hifadhi na mwite mkulima, na mkulima aongee kwanza. Kitu kimoja usifanye: usitangaze mahali halisi ambapo umeona kakakuona au kiota cha korongo taji, yule wa bendera yetu, sema tu "maeneo ya mtoni", maana wanaosikiliza sio wote wana nia nzuri.

Nikija kwa muziki, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Lingala usiifukuze, watu wanaipenda na wewe mwenyewe uko mpakani, lakini hiyo wanaipata kwa kila stesheni. Endara hawaipati. Yale marimba makubwa ya Wakonzo, vibao vimelazwa juu ya vigogo viwili vya migomba, wachezaji wamekaa pande mbili, ni nani ameyasikia kwa redio karibuni? Ukiyarekodi usisogeze simu karibu kwa sababu simu ikipata sauti kubwa inajishusha yenyewe halafu inajipandisha, muziki unakuwa unapanda na kushuka. Simama hatua nne tano nyuma, ngoma ziwe mbali zaidi, jaribu sekunde kumi, sikiliza kwa hedfoni, songa, jaribu tena. Na rekodi vile vibao vinavyopangwa, vile wanavyobishana kwamba hiki kiko chini kidogo, kata tena. Watu wanapenda kusikia kazi ikitengenezwa kuliko hata wimbo wenyewe. Pia tafuta wazee wa filimbi, ile inayopigwa na mchunga peke yake huko mlimani, na zile ambazo kila mtu anashika filimbi ya noti moja na wimbo unatoka kwa wote pamoja. Nenda haraka, hao wazee hawatungoji.

Ila chunga usawa. Ukipiga Lhukonzo wiki tatu mfululizo, Wasongora na Wanyabindi watahesabu, na wana haki kuhesabu, kwa wilaya ambayo imepitia migogoro kati ya jamii zake. Kuna hazina upande wao pia: masimulizi ya Koogere, malkia wa zamani, ya Wasongora, Wanyabindi na Watooro yaliingizwa na UNESCO mwaka 2015 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na empaako, yaani majina ya heshima ya kuitana, iliingizwa 2013. Weka siku moja ya salamu za empaako, mtu akipiga simu umuulize, Amooti au Akiiki? Adyeeri? Wiki inayofuata weka majina ya Wakonzo ambayo yanakuambia huyu ni mtoto wa ngapi, Masika, Baluku, Bwambale, na uwakaribishe Wanande, ndugu zao wa ng'ambo ya Congo, maana majina hayo wako nayo pia. Hiyo siku utafunga kipindi watu bado wako kwa laini, nakuhakikishia.

Umeniuliza wazee uwape nini. Swali zuri sana na wengi hawaulizi. Kwanza ruhusa, na ruhusa irekodiwe: kabla hajaimba, aseme kwa sauti yake jina lake, kijiji chake, wimbo ni wa nini, alifundishwa na nani, na kwamba anakubali uchezwe kwa redio. Mueleze wazi kwamba redio ikitoka inafika mbali na mtu anaweza kuirekodi kwa simu, akikataa baadhi ya nyimbo, mfano za matambiko, usimsukume. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inamtambua pia anayeimba, siyo aliyeandika peke yake, kwa hiyo usimpe mtu mwingine hiyo rekodi, iwe ni NGO au msanii wa Kampala anayetaka kuichanganya na biti, mpaka mzee mwenyewe akubali na alipwe. Kuhusu pesa, kama stesheni haina, sema haina, lakini usiende mikono mitupu: sukari, sabuni, chumvi, nauli ya boda kama umemuita mahali. Kikubwa zaidi mpe nakala. Weka kwa memori kadi, mpelekee mjukuu wake, ipigwe hapo hapo nyumbani. Nimeona watafiti wengi wakija kurekodi na kuondoka, na familia haijawahi kusikia tena ile sauti hata mara moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Bahati nzuri kuna nyingine zimerudi. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Uganda Museum, alizunguka nchi nzima kati ya 1949 na 1954 akirekodi nyimbo, rekodi zikaenda Uingereza, na sasa nakala ziko Makerere kwa hifadhi ya muziki yenye jina lake. Muombe meneja aandike barua, muulize kama kuna za upande wenu na kama mnaweza kuzitumia. Fikiria wimbo wa miaka zaidi ya 70 iliyopita unaupiga mbele ya mzee wa miaka 85 na maiki iko wazi. Usimuulize chochote. Ngoja tu.

Kuhusu simu za wasikilizaji: usifungue laini kwa "mna maoni gani", hakuna mtu ana maoni ya jumla Jumamosi jioni. Uliza kitu kidogo chenye jibu. Huu mlio ni wa nini? Kwenu mnakula nini mvua ikichelewa? Nani amewahi kuona theluji ya Rwenzori ikiwa chini kuliko ilivyo leo? Hilo la mwisho liweke mapema, wazee waliopanda na wazungu kama wapagazi wapo bado na barafu inapungua kila mwaka. Na kwa kuwa salio la simu ni pesa, pokea na voisi za WhatsApp, chagua nzuri, ziweke kwa kipindi. Kama mtu hana simu, mwendee. Weka siku ya kusimama sokoni na simu yako, ila rekodi, usirushe laivu kutoka kwa umati. Wanaokumbuka ebimeeza, ile mijadala ya wazi iliyorushwa laivu mpaka serikali ilipoifunga Septemba 2009, wanajua mtu mmoja kwa umati anaweza kusema neno na stesheni nzima ikalipa, na wewe bado ni mgeni kwa hii kazi.

Tengeneza kalenda. Chukua karatasi kubwa, andika miezi kumi na miwili, kisha jaza mahali panavyoishi: mvua ya Machi mpaka Mei na ile ya Agosti mpaka Novemba, kuvuna kahawa, kupanda pamba, tohara, harusi za Desemba, shule kufungua, kiangazi cha chumvi. Kipindi kitajipanga chenyewe. Mei iandike kwa wino mwekundu. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2014, na Mei 2020 ukabeba nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Kwa hiyo Aprili yote, kila kipindi, weka dakika chache za mto: uwe na namba za watu wawili watatu wanaokaa juu Kilembe, uwapigie hewani wakuambie maji yana rangi gani na yananguruma vipi, na muulize mzee anatambuaje mto ukiwa unakuja vibaya. Kubaliana na meneja sasa hivi, kabla ya mvua, kwamba hao wa juu wakipiga usiku kuna mtu atapokea na kipindi chochote kitakatwa, hata kama kimelipiwa. Hilo lipate kwa maandishi.

Kwa pesa sitakaa sana. Duka la dawa, sacco, mwenye mashine ya kahawa, wote wanaweza kudhamini, lakini tangazo likae mwanzo na mwisho, lisikate wimbo wa mzee katikati. Mwanasiasa akitaka kudhamini endara, muombe meneja akatae kwa upole. Na omba kipindi kirudiwe siku ya kazi alfajiri, watu wakiwa wanawasha moto.

La mwisho ni la faili zako. Kompyuta za stesheni zinakufa na umeme wetu unajulikana. Kila rekodi ipe jina lenye tarehe, kijiji, mtu na kitu, mfano 2025-03-14 Katwe chumvi, weka fleshi mbili, moja ikae studio na nyingine nyumbani kwako ndani ya mkebe wenye mchele mkavu, na kila mwezi zifungue uone kama bado zinasoma. Rekodi nzima usiifute hata kama hewani ulitumia dakika mbili tu. Anza na Jumamosi hii: madebe ya usiku, mkulima mmoja, ndege mmoja, wimbo mmoja, swali moja. Ukishakirusha nitumie faili nisikilize.